Mekatilili wa Menza na msitu uliolipuliwa kwa baruti

Kila Oktoba 20, siku ya Mashujaa, jina la Mekatilili wa Menza hutajwa jukwaani, watu wakapiga makofi, kisha likawekwa kabatini hadi mwaka unaofuata. Watoto wetu hapa Mkomani wanajua kwamba alikuwa mama wa Kigiriama aliyewakabili Waingereza. Wengi wanajua ile hadithi ya kuku. Wachache mno wanajua kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ule ilihusu msitu, na kwamba msitu wenyewe ungalipo, safari ya asubuhi moja kutoka hapa tulipo.

Msitu huo ni Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, iliyo eneo la Kaloleni katika Kaunti ya Kilifi. Serikali ya kikoloni iliulipua kwa baruti mwaka 1914. Leo umesimama, na makala haya ni ya kueleza ulivyosimama tena na mchango wa mama huyu katika hilo. Tunayaandika wakati huu kwa sababu kaya zetu nyingi zinaliwa kidogo kidogo, na safari hii wenye kuzila hawatoki ng'ambo.

Mnyazi, binti wa Ganze

Alizaliwa katikati ya karne ya 19, katika bara ya Kilifi upande wa Bamba na Ganze. Jina alilopewa na wazazi wake ni Mnyazi. Menza ni baba yake. Alipojifungua mtoto aliyeitwa Katilili, akaitwa kwa jina la mwanawe kama ilivyo desturi ya Mijikenda, na Mekatilili maana yake ni mama Katilili. Kwa hivyo jina tunaloliandika kwenye barabara na shule ni jina la uzazi. Yeye mwenyewe hakuwa chifu, hakuwa mke wa mkubwa, wala hakurithi cheo chochote.

Wakati wa utoto wake biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma pwani hii. Simulizi za Wagiriama zinasema kaka yake mmoja alinyakuliwa na wafanyabiashara wa watumwa, yeye akishuhudia, na hakuonekana tena. Sisi wa Mkomani tunapaswa kulielewa hilo haraka kuliko wengine. Kila siku tunapita Kengeleni, penye ile kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Kengele ile ilikuwa ya kuwaonya watu. Upande wa bara hapakuwa na kengele, na mtu aliyechukuliwa alikuwa amechukuliwa.

Msichana aliyekua na kumbukumbu kama hiyo alipokuja kuwa mtu mzima, akasikia serikali mpya inataka vijana wa Kigiriama wapelekwe kufanya kazi mbali na kwao, hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Kaya ni nini hasa

Ili tumwelewe Mekatilili ni lazima tuielewe kaya. Neno lenyewe maana yake ni nyumbani. Wazee wa Mijikenda wanasimulia kwamba watu wao walishuka kutoka Singwaya, kaskazini, wakikimbia vita, wakajenga miji yao ndani ya misitu mizito ya vilima vya pwani. Msitu ulikuwa ndio ukuta. Palikuwa na njia chache za kuingilia, kila njia na malango yake, na katikati palikuwa na uwanda wa nyumba na mahali pa baraza. Mahali maalumu palizikwa fingo, kago ya kulinda mji, na hapo hakufiki mtu asiyehusika.

Kila taifa la Mijikenda lilikuwa na kaya yake kuu: Wagiriama, Waduruma, Wadigo, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Amani ilipopatikana katika karne ya 19, watu walitoka wakasambaa kulima na kufuga. Wagiriama walienda kaskazini hadi wakavuka mto Sabaki. Kaya ikabaki na wazee wachache, lakini haikuachwa. Huko ndiko mvua iliombwa, kesi kubwa ziliamuliwa, viapo vililiwa na wakubwa walizikwa.

Miiko ya kaya ilikuwa mikali. Hukati mti, huokoti hata kuni zilizoanguka, huchungi mifugo ndani, hupiti njia isiyo njia. Atakayevunja mwiko hutozwa kuku au mbuzi, na wazee hufanya tambiko la kusafisha. Mtaalamu wa mimea wa leo akitazama miiko hiyo anaona sheria ya hifadhi iliyokamilika, iliyotungwa kabla ya Kenya kuwa na ofisi ya misitu. Ndiyo maana katika nchi ambayo sehemu kubwa ya msitu wa pwani imekwisha kwa mashamba na mkaa, vile vipande vya kaya vimehifadhi mimea ambayo ni adimu kwingineko.

Champion na madai ya serikali

Mwaka 1912 serikali ya Uingereza ilimleta Arthur Champion kuwa msaidizi wa mkuu wa wilaya kwa Wagiriama. Alikuja na madai matatu. La kwanza kodi ya kibanda. La pili vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi na katika ujenzi. La tatu utii kwa machifu walioteuliwa na serikali, ambao wengi wao hawakuwa na sauti mbele ya wazee wa kaya.

Wagiriama walikuwa wakulima na wafanyabiashara wazoefu. Mahindi na mtama wao uliuzwa pwani, na kabla ya hapo waliuza pembe za ndovu Mombasa. Kijana aliyekuwa na shamba lake bonde la Sabaki hakuona sababu ya kwenda kumlimia mtu mwingine kwa ujira mdogo. Serikali iliona ukaidi katika jambo ambalo mwenyewe aliliona kuwa hesabu ya kawaida.

Hapa ndipo Mekatilili alipojitokeza. Wakati huo alikuwa mjane na mtu wa makamo au zaidi. Kwa mila za Kigiriama mwanamke hakuwa na kiti katika baraza la wazee wa kambi, lakini mjane mwenye umri alikuwa na nafasi ya kusema ambayo mke kijana hakuwa nayo. Aliitumia nafasi hiyo yote. Alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, ngoma ya heshima ya maziko, na watu walimfuata. Ngoma ilipokusanya umati, alianza kuzungumza juu ya vijana wanaochukuliwa, machifu wanaolipwa, na nchi inayoharibika. Aliwakumbusha utabiri wa Mepoho, mwanamke wa zamani aliyesemekana kuona kimbele kuja kwa wageni na kuvurugika kwa mila.

Hadithi ya kuku ni ya wakati huu. Inasimuliwa kwamba alifika na kuku mwenye vifaranga mbele ya Champion katika mkutano wa kuandikisha vijana, akamtaka achukue kifaranga kimoja. Mzungu aliponyoosha mkono, kuku akamdonoa. Fundisho lilikuwa wazi kwa kila mzazi aliyekuwepo. Hadithi husogea inaposimuliwa, lakini yule mtu aliyeifanya inatufikishia sawasawa.

Viapo vya Kaya Fungo

Katikati ya mwaka 1913 Mekatilili pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mzee aliyesimama naye bega kwa bega, waliwaita watu Kaya Fungo. Hilo lenyewe lilikuwa jambo kubwa. Kwa miaka mingi kaya ilikuwa imeachiwa wazee wachache, na vijana wa Sabaki walikuwa hawajawahi kuiona. Sasa maelfu walirudi katika msitu wa babu zao.

Huko viapo viwili vililiwa. Wanawake walikula mukushekushe, na wanaume walikula kiapo cha fisi, kilichoogopwa kuliko vyote. Waliapa kutolipa kodi, kutotoa vijana, kutowatumikia machifu wa serikali. Walikubaliana pia kuirudisha kaya katika hali yake na kuifanya tena kuwa makao ya mashauri ya Wagiriama. Tulitazame hilo la mwisho kwa makini, kwa sababu vitabu vya shule hulipita haraka. Mekatilili alipotaka kuijenga tena nguvu ya watu wake, kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kuwarudisha msituni, wapafagie na wapatunze.

Champion alijikuta hana wa kumtii. Mnamo Oktoba 17, 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahukumiwa kufukuzwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi karibu na Ziwa Victoria. Serikali iliamini kwamba mama mtu mzima, asiyejua lugha ya huko wala njia, hataweza kurudi. Januari 1914 wakatoroka wote wawili. Walitembea mamia ya kilomita, wakapita nchi za watu wasiowajua, na wakafika Giriama. Habari za kurudi kwao zilifanya kazi ambayo hotuba mia zisingeifanya.

Agosti 4, 1914

Serikali ikaamua kwamba tatizo ni kaya. Maadamu mahali pale papo, watu watakuwa na pa kukutania na pa kuapia. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani huko Ulaya, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Malango yalibomolewa, miti mikubwa iliangushwa, nyumba zilichomwa moto.

Wagiriama walilipokea tukio hilo kama vita, na vita vikawa. Wiki zilizofuata askari wa King's African Rifles walipelekwa bara ya Malindi na Kilifi. Watu wenye mishale walikabiliana na bunduki. Vijiji vilichomwa, mifugo ikatwaliwa, watu wakauawa. Waliokuwa kaskazini ya Sabaki waliamriwa kuacha mashamba yao yenye rutuba. Mwishowe Wagiriama walitozwa faini kubwa, na ikawalazimu kutoa watu kwa ajili ya kubeba mizigo ya jeshi katika vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika. Mekatilili na Wanje walikamatwa tena Agosti hiyohiyo wakahamishwa kwa mara ya pili.

Ukiishia hapo, utasema wameshindwa. Wengi huishia hapo.

Kurudi mwaka 1919

Vita vikuu vilipokwisha, serikali yenyewe iliona kwamba baruti haikuwaletea utii. Machifu walikuwa bado hawasikilizwi, na watu waliendelea kuuliza habari za kaya. Wagiriama wakaruhusiwa kurudi kaskazini ya Sabaki, na mwaka 1919 Mekatilili na Wanje wakarejea kwao. Waliingia Kaya Fungo. Wanje alikaa na baraza la wanaume, naye Mekatilili akawa kichwa cha baraza la wanawake, hapohapo kwenye mahali palipokuwa majivu miaka mitano nyuma.

Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo haina hadithi ya kuku wala safari ya kutoroka, nasi tunaiona kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Mwanamke aliyekwisha kuzeeka alikwenda kukaa katika msitu ulioungua, akausimamia. Miti ilichipua. Msitu wa asili una tabia hiyo: mizizi ikibaki hai na mbegu zikiwa ardhini, ukiuacha bila panga, moto wala mbuzi, unajirudisha wenyewe. Unachohitaji kwa binadamu ni uvumilivu na ulinzi. Miiko ya kaya ilitoa ulinzi huo, na watu walioishika miiko ndio waliouponya msitu.

Mekatilili alifariki mwaka 1924 akazikwa Bungale, eneo la Magarini. Malindi kuna bustani yenye sanamu yake, na kila mwaka Wagiriama hufanya tamasha la kumkumbuka, kwa matembezi, ngoma na matambiko.

Baruti ya siku hizi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalianza kuziorodhesha kaya kuwa mali ya taifa inayolindwa kisheria. Mwaka 2008 UNESCO iliziweka kaya kadhaa za Mijikenda, Kaya Fungo ikiwamo, katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2009 mila za kaya nazo ziliingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Neno dharura hapo halikuwekwa kwa mapambo.

Ziko kaya ambazo kingo zake zimemegwa kwa viwanja. Ufuoni, ambako bei ya ardhi haina huruma, kaya imezungukwa na hoteli na kuta za mawe. Bara, wachoma mkaa na wakata miti ya kuchonga huingia usiku. Vigango, zile nguzo za kuchongwa za kumbukumbu ya wafu, viliibwa na kuuzwa kwa watalii na wakusanyaji wa ng'ambo, na ni sehemu tu iliyorudishwa.

Lipo kubwa kuliko hayo. Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba. Mvi zimekuwa kosa. Mzee wa kaya anayejua jina la kila mti anaogopa kuvaa mavazi yake ya kaya akienda sokoni. Akifa yeye, miiko hufa naye, na msitu uliomtegemea hubaki yatima. Waingereza walihitaji baruti ili waifikie kaya. Kijana wa leo anahitaji tu kumwita babu yake mchawi, na kazi imekwisha. Tunayasema haya kwa uchungu, lakini lazima yasemwe, na yasemwe misikitini, makanisani na kwenye vikao vya kina mama, si kwenye makala peke yake.

Nasi wa Mkomani

Yupo atakayeuliza kaya za bara zinatuhusu nini sisi watu wa Nyali na Kisauni. Zinatuhusu. Nusu ya majirani zetu wana babu aliyetoka Rabai, Ribe, Kaloleni au Ganze. Mboga na nazi tunazonunua Kongowea hutoka kwenye ardhi hiyo, na vilima vyenye msitu ndivyo hushika maji ya mvua na udongo wa mashamba hayo.

Isitoshe, sisi tuna ushahidi wa karibu kwamba ardhi iliyouawa hufufuka. Bamburi, hapo kaskazini yetu, palikuwa na shimo la kuchimba mawe ya saruji, jeupe kama mfupa. Kuanzia mwaka 1971 ilipandwa mivinje kwenye mwamba mtupu, majani yake yakaoza yakawa udongo, miti mingine ikafuata, na leo watoto wetu wanaenda Haller Park kulisha twiga. Pale kazi ilikuwa kuumba msitu pasipo na kitu. Kaya ni rahisi zaidi, kwa kuwa msitu upo. Kinachotakiwa ni kuziba mapengo kwa miche ya asili ya palepale, kama mbambakofi na mvule, na kupanda miti ya kuni nje ya mipaka ili mama wa jirani asilazimike kuingia ndani kutafuta za kupikia.

Kinachotakiwa pia ni wageni wenye adabu. Kaya Kinondo, kusini ya Diani, imeonyesha njia. Ni msitu wa hekta 30 hivi, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 wazee wanapokea wageni kwa utaratibu. Unalipa kiingilio, unafungwa kitambaa cheusi kiunoni, unavua kofia, unafuata kiongozi kwa njia iliyowekwa, hutoki na jani wala jiwe. Pesa zinasaidia kijiji. Kijana aliyekuwa akikata miti analipwa kwa kuieleza. Palipo na fingo na makaburi hapafikiwi, na mgeni mwenye akili hapaulizii.

Shule zetu za Mkomani zinazopeleka watoto kila mwaka kuona mamba na twiga zinaweza kupanga safari moja ya kaya. Mnavuka daraja la Nyali, mnapita Changamwe na Mazeras, na kwa Kaya Fungo mnaacha barabara kuu ya Nairobi upande wa Mariakani kuingia bara ya Kilifi. Kwanza peleka ujumbe kwa wazee na uombe ruhusa, maana kaya ni nyumbani kwa watu na huingii bila hodi. Ukikataliwa siku hiyo, heshimu. Ukikubaliwa, vua viatu ukiambiwa, nyamaza ukiambiwa, na weka simu mfukoni.

Tuna mapendekezo mawili kwa viongozi wetu wa kaunti, Mombasa na Kilifi pamoja. Mipaka ya kila kaya ipimwe upya na iwekwe alama zinazoonekana, kabla hati za viwanja hazijaitangulia. Na wazee walinzi wapewe posho, kama wanavyolipwa walinzi wa hifadhi nyingine, pamoja na ulinzi wa polisi pale wanapotishwa. Kusimamisha sanamu ni jambo jema, lakini sanamu haina mizizi.

Mekatilili hakutuachia maandishi, wala hatuna picha yake ya kuaminika. Alichotuachia ni msitu. Watoto wakifika pale Kaloleni waonyeshwe miti iliyoota mahali palipolipuliwa, na waambiwe ni mama gani aliyerudi kuilinda.